Boksi la Umeme la Barazani

Vijana wangu wa Bondeni, siku ile mliponipa soda ya kuniagia mliniomba niwaandikie machache ya kazini, na nadhani mlitegemea nikatae. Mmesahau kwamba mimi ni mtu wa kukaa. Kalamu haitaki ngazi, haitaki pikipiki, haitaki kuvuka maji. Katika maisha yangu yote ya ufundi nilichagua kazi ambazo jioni zitanirudisha kwenye kitanda changu, na kama mteja alikaa mbali nilimwombea kwa Mungu ampate fundi mwingine mzuri. Mke wangu, Mama Neema, anasema nimestaafu ili yeye apate fundi wa kudumu asiyemaliza kazi. Soketi ya jikoni kwetu inaning'inia kama jino la mtoto. Tuiache hiyo.

Vyeo sitawaandikia. Kupanda kwangu kote kulikuwa kwa ngazi, na hata huko nilishuka mapema kuliko wenzangu. Nitawaandikia nilivyoanza, na mzee aliyenifundisha, halafu kazi moja ya Mwaya: boksi la umeme la kupikia pombe. Mmelisikia vijiweni. Mmeambiwa boksi la fundi wenu liliua mkamwana wa watu. Mwanamke alikufa, hilo ni kweli, na alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwepo wa pili, aliyesimamishwa kwenye pipa lilelile kabla udongo wa mwenzake haujakauka, naye alikuwa anakwenda kufa kwa njia ileile. Huyo wa pili ndiye aliyenitoa nyumbani kwangu, jambo ambalo hata harusi za ndugu zangu hazikuliweza.

Nianze mwanzo. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama ya fizikia ambayo mama yangu aliionyesha mpaka kwa wauza dagaa. Nikaipeleka kwa Mzee Andongwisye, fundi umeme mwenye kibanda pale Bondeni, mtu mfupi, vidole vinene kama ndizi za kuchoma. Alikigeuza cheti mbele na nyuma kama anatafuta pa kukifungulia.

"Volti unazijua?"

"Nazijua, mzee."

"Zenyewe zinakujua?"

Nikakitazama cheti mkononi mwake.

"Basi bado hamjasalimiana. Twende."

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na waya hata mmoja. Alinikalisha kwenye kigoda jikoni kwa mama mmoja aliyetaka taa na soketi, akaniambia nitazame mikono ya yule mama, basi. Asubuhi yote nilimtazama mwanamke akimenya ndizi, akipepeta mchele, akifukuza kuku. Nilijiona mjinga. Mama naye aliniona mjinga, akanipa ndizi nimsaidie kumenya. Mzee aliporudi akauliza, "Akitoka na sufuria anafungua mlango kwa mkono upi?" Nikasema wa kushoto. "Ukiwa mkavu au umelowa?" Sikuwa nimeangalia. Akanirudisha kwenye kigoda. Kwa njia hiyo nilijifunza kumpima mtu kwanza kabla ya kupima ukuta, na hadi leo nikiingia kwa watu natazama mikono yao kabla ya sura. Ndiyo maana majina nayasahau.

Vifaa vyake vilijaa kwenye mfuko wa unga: plaizi yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, bisibisi za ukubwa tofauti, testa, na kisu cha kumenyea waya ambacho zamani kilipasua kakao. Testa hakuiamini. Aliigusisha kwanza kwenye waya anaojua una umeme, iwake. Kisha kwenye ule anaotaka kuushika, isiwake. Kisha anarudi kwenye ule wa kwanza, iwake tena. "Testa iliyokufa nayo haiwaki," alisema. Nyinyi wa leo mna mita za vioo zinazosoma kila kitu. Fanyeni hivyohivyo. Mita nayo hufa, tena bila kutoa taarifa.

Na maji. Fundi wa mjini mkavu anaweza kuyasahau maji. Wa Kyela hawezi. Mvua ikishika, ukuta unalowa kutoka chini kama kitenge kwenye beseni, kebo iliyofukiwa inalala kwenye tope, na watu wanatembea peku. Ukigonga chuma cha ethi, kile cha kuupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye ardhi yetu unapata ethi safi ambayo wenzetu wa kwenye mawe wanaililia. Lakini ardhi hiyohiyo inayoupokea umeme kwa ukarimu inaupokea pia kupitia miguu ya mtu. Mzee Andongwisye alilisema hilo kila msimu wa mvua, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Alipofariki, kwa sukari, watu wa kwake walisema mara mbili tatu pale matangani kwamba umeme haukumpata. Ningekuwa yeye ningejivunia.

Mfuko wa unga nikaurithi mimi, na kibanda. Na miaka mingi baadaye, mwanamke mmoja wa Mwaya akaingia kibandani, macho mekundu, akaketi bila kukaribishwa.

"Mugonile, fundi. Nataka moto usio na moshi, unaojizima wenyewe."

Huyo ni Mama Ipyana. Alikuwa anapika kimpumu, pombe ya ulezi, ambayo wengi wenu mnaijua zaidi ya mnavyokiri kanisani. Kwa asiyeijua: ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa na kuachwa uchachuke. Siku ya kunywa, machicha yanawekwa kwenye chungu, na vyungu vya Mama Ipyana vilitoka Ikombe, vilikuja kwa mtumbwi. Wanywaji wanazunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, na kazi ya mpishi ni kuongeza maji ya moto muda wote wanapovuta. Maji hayo ndiyo uhai wa shughuli. Yakipoa, wanywaji wananuna. Yakitokota, pombe inaiva na ladha inakufa. Kwa kuni unakimbizana nayo kutwa, na moshi ulikuwa umemla macho yule mama.

Nikamjengea boksi. Niwaeleze nilivyolifunga, maana wengine mtaombwa kazi kama hiyo, watu wa pombe wapo kila kata.

Boksi lenyewe lilikuwa kabati dogo la bati. Ndani niliweka breka kuu, na chini yake breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, ambayo umeme ukipotea njia hata kidogo inakata. Halafu kontakta. Kontakta ifikirieni kama mwenyekiti wa kikao: anayemwamrisha anasema neno dogo, yeye ndiye anayegonga meza. Themostati, ile inayopima joto la maji, ina waya mwembamba na haiwezi kubeba hita ya pipa. Inaiambia kontakta tu, na kontakta inafunga na kufungua njia nene. Nje ya mlango nikatoboa matundu ya taa mbili. Kijani, umeme umefika. Nyekundu, hita inapasha. Chini ya taa, kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia, cha kupigwa hata kwa kiwiko.

Kebo zote ziingilie chini ya boksi, msiziingize juu. Maji hushuka na waya, na hayajui kwamba mmechoka. Waya wa hita uwe mnene, ule mwembamba waacheni wanaofunga redio. Pale unapofungia ethi kwenye bati, kwangueni rangi mpaka chuma king'ae, kwa sababu rangi ni nguo na ethi inataka ngozi. Kisha ethi hiyo iende kwenye pipa lenyewe, na kwenye chuma kilichogongwa ardhini. Nilifanya hayo yote. Boksi nikalifunga kwenye nguzo ya kibanda cha pombe, kushoto unapoingia, usawa wa kiwiko.

Kwa nini kushoto? Kwa sababu mchotaji wa maji alikuwa Tionge, mke wa Ipyana, na Tionge alichota kwa mkono wa kulia. Nilikaa kwenye kigoda asubuhi nzima nikimtazama. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya Songwe, wa upande wa Karonga, mume wake dereva wa lori, hayupo. Mcheshi. Aliponiona nimekaa sana akamwambia mama mkwe wake kwa sauti nisikie, "Mama, huyu ni fundi umeme au ni mgeni wa chakula?"

"Ni vyote," nikasema.

"Basi umeme utakuja chakula kikiisha."

Nikamfundisha. "Kabla hujaingiza kopo, piga hiki chekundu. Hata kama taa imezimika."

"Taa ikizimika si hakuna umeme?"

"Taa huungua. Piga kitufe."

"Fundi haamini hata taa zake!" Akacheka. Lakini alipiga. Nilimtazama akichota, kila mara kiwiko cha kushoto, pu, kisha kopo. Nikarudi nyumbani nimeridhika, na mimi kuridhika na kurudi nyumbani ni kitu kimoja.

Jambo moja zaidi niliona siku zile, nanyi mnalijua kutoka kwa bibi zenu. Mume wa Mama Ipyana, Mzee Asajile, alikuwa mtu wa heshima za zamani. Chakula chake Tionge alikipika lakini Mama Ipyana ndiye aliyekipeleka. Tionge hakumtaja jina mzee, hakupita mbele ya baraza lake, hakumtazama usoni; kwenda kisimani alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Na mzee kwa upande wake alimwepuka vilevile. Siku hizi wengi tumeacha. Kwangu mimi mkamwana ananigombeza waziwazi kuhusu soketi. Lakini nyumba ile ilishika, na walishika kwa upendo, sitaki muwafikirie vibaya. Ilikuwa namna yao ya kuheshimiana.

Nilikaa muda mrefu bila kusikia habari za Mwaya. Halafu siku moja mjumbe akaja na pikipiki, akasema mkamwana wa Mzee Asajile amefia kwenye pipa, na waliokuja kukagua wamesema ni ajali ya umeme, na watu wa kwake wamevuka mto wanauliza ajali gani.

Nilifika wakiwa wanautayarisha mwili kuvuka nao Songwe. Sitaandika vilio. Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pombe, kwenye nguzo, kushoto unapoingia. Nguzo tupu. Kebo ilitoka kwenye pipa, ikapita juu ya kitalu cha majimbi, ikavuka uwanja kwenye tope, ikapanda barazani.

Boksi langu lilikuwa ukutani barazani, karibu kabisa na kiti cha Mzee Asajile.

Mama Ipyana ndiye aliyenieleza, kwa maneno ya kukatika. Mzee alilipenda. Taa zile zilimfurahisha. Wageni wakija aliwaonyesha, hii kijani, hii nyekundu, kama wengine wanavyoonyesha redio. Akasema kitu kizuri hivi hakiwezi kukaa kibandani na kuku, kitaibwa. Fundi mpita njia akakihamisha. Waya wa ethi haukufika kutoka barazani, yule fundi akaukata akauacha unaning'inia, akasema huo wa kijani hauwashi kitu. Kebo ndefu ikalowa kwenye tope, breka ya uvujaji ikawa inakata kila mara kama ilivyotakiwa, wanywaji wakanuna. Fundi akaitwa tena, akairuka kwa kipande cha waya, umeme upite pembeni yake. Sasa haikukata kamwe. Kila mtu akasema fundi hodari.

Na kuzima? Tionge akitaka kuchota alimwita mama mkwe, "Mama, zima!" na Mama Ipyana akapanda barazani akapiga kitufe. Mkamwana hawezi kupanda baraza la baba mkwe. Hilo hata halikujadiliwa, nani alijadili? Siku ile Mama Ipyana alikuwa ameenda kumtazama mgonjwa. Hita ilikuwa imepasuka kwa ndani, tayari siku kadhaa Tionge alikuwa akilalamika kwamba pipa linamchezea vidole. Akaingiza kopo la bati. Chini alikuwa peku.

Nilikata nyaya zote mbili za hita. Nikamwendea Mzee Asajile, nikamwambia kwa heshima kwamba nitatengeneza kila kitu, bure, na boksi litarudi kwenye nguzo.

"Tengeneza," alisema. "Boksi halitoki hapa."

"Tata, mchotaji hawezi kulifikia."

"Halitoki."

Nilidhani ni uchungu. Mtu aliyefiwa huwezi kubishana naye kuhusu matundu ya ukuta. Nikaacha nyaya zimekatwa, nikamwomba Mama Ipyana asiruhusu mtu kuziunga, nikarudi kwetu. Watu wa Tionge walivuka na ndugu yao. Ipyana alikwenda nao, na hajawahi kurudi kukaa Mwaya.

Nilijua nini kitafuata, na nilikaa nacho nyumbani, nikijiambia kwamba watarudia kuni. Mama Neema ndiye aliyekuja na habari kutoka sokoni Mwaya. Yule fundi mpita njia amepita tena. Kimpumu kinauzwa. Anayechota ni Bupe, mke wa mtoto wa pili, na ana mimba.

"Ethi je?"

"Mimi nijue ethi? Nimeona mtoto wa watu amevaa mabuti ya mume wake, anachota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti. Watu wanacheka." Akanitazama nilivyokaa. "Umekaa vya kutosha, baba. Hata kiti kimechoka."

Nikaenda.

Bupe alikuwa kama Mama Neema alivyosema, mabuti mpaka magotini, kopo limefungiwa kwenye mpini mrefu wa mti. Pombe ilikuwa imeanza, wazee wamezunguka chungu na mirija yao upande wa pili wa kibanda. Mama Ipyana alikuwa kwake ndani, kichwa kinamuuma. Tangu msiba alikuwa hatoki sana. Bupe aliponiona na mfuko wa unga akajua mimi ni nani.

"Ndiyo wewe mwenye boksi."

"Ndiyo mimi. Unazimaje?"

"Mama akitoka, anazima. Asipotoka nazima kwa maombi." Alisema bila kucheka, kisha akacheka kidogo. "Usinitazame hivyo, fundi. Mti mkavu, mabuti makavu. Mwenzangu hakuwa na mabuti."

Nikaugusa mti. Ulikuwa umelowa, mvuke wa pipa umeuloanisha mpaka kwenye mshiko. Nikamwonyesha kiganja changu, kimelowa. Akakitazama. Mkono wake wa pili ukaenda tumboni wenyewe.

"Nikiacha," akasema polepole, "nani atachota? Mama haoni. Na nikisema naogopa, watasema nasema nyumba hii iliua."

Mnaona alipokuwa. Nilijua naweza kukata waya tena, na wao wataunga tena, siku hiyohiyo. Ningerudisha ethi, ningeondoa kile kipande cha waya kwenye breka, na mvua ya kwanza ingeileta ile kazi ya fundi hodari upya. Mlinzi wa mwisho wa mtu mwenye mikono ya maji ni kitufe anachokifikia mwenyewe. Kingine chote kinaweza kuharibiwa na mtu asiyekuwepo. Nikamwambia asichote mpaka nirudi, nikapanda barazani.

Mzee Asajile alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa amekonda. Boksi lilikuwa hapo kando ya kichwa chake, taa zote mbili zinawaka. Nikasalimia, nikaketi kwenye benchi. Tukazungumza mpunga, kakao iliyooza kwa mvua, maji ya ziwa yalivyopanda. Mimi kukaa najua, nikamwacha mpaka alipoanza mwenyewe.

"Umekuja kulihamisha."

"Nimekuja kuomba, Tata."

"Ukilihamisha leo, wakwe zangu wa ng'ambo watasikia. Watasema, kumbe lilikuwa mahali pabaya. Watauliza, nani alipachagua?"

"Na likibaki?"

"Likibaki, ilikuwa ajali. Wamekubali ni ajali. Wamezika kwa ajali."

"Na huyu wa sasa?"

"Huyu ana mabuti."

"Mti anaochotea umelowa, Tata. Nimeugusa. Na ana mimba."

Nikaona mikono yake, maana ndiko ninakotazama; ilikuwa imeshika magoti kama ya mtu aliye kwenye mtumbwi unaoyumba. Kwenye kibanda wale wazee wa mirija walikuwa wameanza kupiga kelele. Maji, maji, wanasema, chungu kimepoa, huyu mkamwana amelala? Mmoja akasema wa kwanza alikuwa mwepesi zaidi, na wengine wakamnyamazisha.

Basi Bupe akatokea pembeni ya nyumba, kwenye migomba, akasimama mbali kama inavyotakiwa. Kwa desturi ile mkamwana haiti. Anakohoa, ili mzee ajue yupo. Akakohoa.

Na Mzee Asajile, kwa mazoea ya maisha yote, akageuza uso ukutani.

Ukutani palikuwa na boksi. Taa nyekundu ikawa mbele ya pua yake. Aliganda hivyo, shingo imegeuka, na mimi nikafikiri anaheshimu tu.

"Alikohoa hivi," akasema kwa ukuta.

"Nani, Tata?"

"Mtoto wa watu. Siku ile. Mama yao hayupo, mimi nimekaa hapahapa. Nikasikia anakohoa. Nikasema anataka kupita, nikageuza uso nimpishe. Nikasubiri nyayo. Hazikuja. Akakohoa tena." Akaionyesha taa kwa kidevu. "Hii taa ilikuwa inawaka. Nikawa naitazama. Nilikuwa nayo hivi, karibu hivi, naufurahia ule wekundu wake, nikasema mbona huyu hapiti. Halafu akaondoka. Nikageuka. Baadaye nikasikia kelele."

Kutoka kwenye kiti chake hadi kile kitufe palikuwa na urefu wa mkono tu. Angekuwa mtu yeyote mwingine, mtoto, mpita njia, mlevi, Tionge angemwambia, zima hapo, na angezima. Alikaa pale mtu pekee katika kijiji kizima ambaye hakuweza kumwambia.

Bupe akakohoa mara ya pili.

Mzee akanyoosha mkono. Ulitafuta kidogo kwenye bati, kama wa kipofu, ukapata kitufe, ukabonyeza. Nyekundu ikazimika. Uso hakuugeuza.

"Mwambie achote," akaniambia.

Nikasimama nikamwashiria Bupe kwamba ni salama, akaenda akachota. Wale wazee wakapata maji yao ya moto, wakatulia na mirija, hawakujua chochote.

"Lihamishe," akasema mzee. "Sasa hivi. Wakwe wakiuliza nitavuka mwenyewe niwaambie."

Nilifanya kazi mpaka jua linageuka njano kwenye migomba. Nilitoa kipande cha waya kwenye breka ya uvujaji. Nilitupa hita iliyopasuka. Ile ya akiba kibandani kwangu niliagiza iletwe kwa bodaboda. Nikarudisha boksi kwenye nguzo, kushoto unapoingia, nikashusha kidogo kwa sababu Bupe ni mfupi kuliko mwenzake. Nikakwangua rangi, nikafunga ethi, nikabonyeza kitufe cha kujaribia, breka ikakata, nikaiwasha, nikabonyeza, ikakata tena. Testa kwenye waya hai, kwenye pipa, kwenye waya hai. Bupe akajaribu kwa kiwiko, pu. Akajaribu tena bila sababu. Nikamwacha ajaribu anavyotaka.

"Ndaga fijo, fundi," akashukuru, na hakunitania.

Kazi ya mwisho ilikuwa ukuta wa barazani. Boksi liliacha alama ya weupe na matundu manne ya skrubu, na fundi anayejiheshimu haachi ukuta wa watu hivyo. Nikakoroga saruji kidogo kwenye kifuu, nikapanda na kijiko. Mzee Asajile alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Niruhusu, Tata, nizibe."

"Acha."

"Ni kazi ya dakika, mzee. Buibui wataingia."

"Acha niyaone," akasema.

Nikaimwaga saruji kwenye migomba, nikakusanya vifaa. Nilipofika mwisho wa uwanja nikageuka kumuaga. Alikuwa amegeuza uso ukutani, na hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa akipita.